Mzizi Hutangulia

Nyumbani kwetu Kihonda, Morogoro, juu ya friji hapakosekani sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Mgeni anayeifunua akitumaini chapati hukuta mbegu kumi za bamia zimelala juu ya kitambaa kibichi, nyingine zimeshatoa mkia mweupe. Mke wangu ameshazoea. Siku za mwanzo aliniuliza kama hizi ni sahani za kulia au za shamba, nami nikajibu kwamba ni za kulia ila kwa kuchelewa kidogo. Jibu hilo halikunisaidia.

Mimi si bwana shamba. Nimesomea uhasibu, nina kipande cha ekari moja na robo Mkundi, na uwanja wa nyuma ya nyumba usiozidi hatua kumi na mbili. Haya niliyoyaandika nimeyapata kwa kuharibu mbegu za watu na za kwangu kwa takriban miaka kumi.

1. Otesha kumi kabla ya kufukia mia tatu

Mwaka nilioamua kulima tikiti nilinunua kopo la mbegu kwenye duka moja la pembejeo hapa mjini. Muuzaji aliisifu mbegu yake: "Hii mzee ukiidondosha tu, imeota." Nikachimba mashimo 300, nikatia samadi, nikafukia mbegu moja moja kwa sababu bei yake haikuruhusu mbili. Siku ya kumi nilihesabu miche 41.

Nikarudi dukani na kopo mkononi. Nikaambiwa nimefukia chini mno. Nikaambiwa udongo wangu una mchwa. Kisha nikaambiwa nimemwagilia sana, na kabla sijatoka nikaambiwa labda sikumwagilia vya kutosha. Lolote kati ya hayo lingeweza kuwa kweli, na ubaya wenyewe uko hapo: mbegu ikishafukiwa, ushahidi umezikwa pamoja nayo.

Ndani ya kopo zilikuwa zimebaki mbegu ishirini na kitu. Jioni ile nikachukua kumi, nikazipanga juu ya kitambaa kilicholowa, nikafunika, nikaweka mahali penye joto. Baada ya siku saba zilikuwa zimeota mbili. Hapo hapakuwa na mchwa wala jembe, wala kina cha shimo cha kusingizia.

Kinachochekesha ni kwamba ninaishi katika mji wa mbegu. TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, makao yake yapo hapa Morogoro. Wakala wa Mbegu za Kilimo wako hapa. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko pale chini ya milima ya Uluguru. Mtu anaweza kupita mbele ya ofisi zote hizo kwa daladala na bado akafika nyumbani na mbegu mfu mfukoni.

Siku hizi natafuta lebo ya TOSCI kwenye pakiti, nasoma tarehe, halafu nanunua pakiti ndogo wiki mbili kabla ya kupanda. Maabara hupima kwa mbegu 400, mafungu manne ya mia mia. Mimi napima kumi, au ishirini zikiwa za bei nafuu. Kitambaa ni kipande cha khanga chakavu nilichokichemsha kutoa sabuni na ukungu, nikakikamua mpaka kisidondoshe tone. Mbegu zisigusane, maana moja ikioza huambukiza jirani. Tarehe naiandika kwa kalamu kwenye plasta na kuibandika ubavuni mwa sahani. Zikiota nane na kuendelea, nafukia moja moja. Zikiota kati ya tano na saba, naweka mbili kila shimo. Chini ya hapo narudi dukani, na safari hii nakwenda na sahani.

2. Maji ni ya kunywa, si ya kuogelea

Nililoweka maharage Ijumaa jioni, nikapigiwa simu ya msiba Dar es Salaam, nikarudi Jumapili usiku. Harufu ilinipokea mlangoni. Maji yalikuwa na povu, maharage yamepasuka, na nilipobonyeza moja likatoka ute.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mbegu inataka maji tu. Inataka maji ili iamke, lakini ikishaamka inaanza kupumua, na ndani ya bakuli lililojaa maji haina pa kupata hewa. Kiasi chenyewe cha maji kinachohitajika si kikubwa: punje ya mahindi huanza kuota ikishanywa maji yapata theluthi moja ya uzito wake, soya hutaka karibu nusu. Usiku mmoja unatosha. Muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, kisha unamwaga maji na kuzihamishia kitambaani, ambako unyevu upo na hewa ipo. Mbegu ndogo kama mchicha, nyanya na pilipili siziloweki kabisa. Kitambaa kinazitosha.

Nilipomsimulia mjomba wangu wa Ifakara aliniuliza, "Sasa mpwa wangu, mpunga nao?" Hapo nikakosa la kusema, kwa sababu mpunga tumekuwa tukiuzamisha tangu nizaliwe. Mjomba huanza na ndoo ya maji ya chumvi. Anakoroga chumvi mpaka yai bichi alilolitia lielee, kisha anamimina mbegu. Mapepe hupanda juu, anayaengua. Zilizozama anazisuuza mara mbili tatu kutoa chumvi yote, anazitia kwenye kiroba na kukizamisha mtaroni saa 24. Halafu anakitoa, kinachuruzika, anakivundika chini ya majani ya mgomba siku moja au mbili mpaka kila punje itoe nukta nyeupe. Ndipo anakwenda kitaluni.

Baadaye nilielewa kwamba mpunga ni wa peke yake. Nafaka nyingi zikikosa hewa hufa, lakini punje ya mpunga iliyoachwa chini ya maji hubadili utaratibu: badala ya mzizi kutangulia, inarefusha kwanza chipukizi kwenda juu kutafuta hewa, na mzizi unangoja. Mjomba hakuhitaji kusoma hilo popote. Kiroba kikikaa mtaroni kupita kiasi, punje hutoka na chipukizi refu lililopauka bila mzizi. Yeye huziita "zilizochungulia kabla ya kusimama", na hazipeleki kitaluni.

3. Bibi aliotesha ili aue

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Songea, na kwake kuotesha nafaka ndani ya nyumba ilikuwa kazi ya jikoni. Shughuli ikikaribia aliloweka ulezi kutwa kucha, akauchuja, akautandaza kwenye kikapu chenye majani ya mgomba, akafunika na kukiweka kona isiyopitiwa na upepo. Asubuhi na jioni aliufunua na kuupindua kwa kiganja. Siku ya tatu ulikuwa umeshikana kama mkeka, mizizi myeupe imesokotana. Akaufikicha, akauanika juani hadi ukakauka kabisa, akausaga. Hicho ndicho kimea.

Mtu asiyewahi kuona kimea kikifanya kazi hawezi kuamini. Uji mzito ulioshika mwiko, ukishaanza kupoa, unatiwa kijiko kimoja cha kimea, na mbele ya macho yako unalegea mpaka unamiminika. Baadaye unakuwa mtamu na hakuna aliyetia sukari. Kesho yake ni togwa. Sababu ni kwamba mbegu inapoanza kuota huamsha vimeng'enya vinavyovunja wanga uliowekwa akiba na kuufanya sukari, chakula cha mche mchanga kabla haujawa na jani la kujitafutia. Bibi alikuwa anasubiri mtoto aandaliwe chakula, kisha anamnyang'anya.

Nikiwa mdogo niliruhusiwa kutia mkono katikati ya kikapu kile, na kilikuwa cha moto. Ulikuwa moto wa kweli, kama paji la uso la mgonjwa wa homa, ingawa kona yenyewe ilikuwa ya ubaridi. Sikujiuliza. Miaka mingi baadaye nikavundika kilo mbili za mpunga kwenye mfuko wa rambo uliofungwa fundo, na nilipoufungua, za pembeni zilikuwa zimeota vizuri, za katikati zimechacha na kugeuka kahawia. Mbegu zinazopumua hutoa joto, na zikirundikana hupikana zenyewe. Bibi alipopindua ulezi wake asubuhi na jioni alikuwa anaupoza, anaupa hewa na kuuzuia usikauke upande mmoja, vyote kwa mkono mmoja. Mimi nilidhani ni mazoea ya wazee.

Rambo zenyewe zilipigwa marufuku Juni 2019 na mimi nikahamia makopo ya aiskrimu. Ni bora zaidi, kwa kuwa mfuniko unaweza kuuegesha hewa ipite.

4. Juu ya friji na ndani ya friji

Pilipili hoho niliyoiotesha mwezi wa saba dirishani ilichukua siku 19. Nilikuwa nimeshamwaga nusu yake. Nyingine ya pakiti ileile niliiweka juu ya friji letu la zamani, ambalo mgongo wake hutoa fukuto mchana na usiku, ikaota siku ya nane. Hoho, bamia, matango na tikiti zote ni mbegu za joto, nyuzi 25 hadi 30 ndiyo starehe yao, na wanaozilaani kwamba ni mbovu wakati wa kipupwe mara nyingi wanazionea.

Kwa hiyo Desemba nikaweka saladi juu ya friji nikijiona mjanja. Wiki mbili, kimya. Mama mmoja anayeshusha mboga kutoka Mgeta, ambaye nimenunua kwake miaka mingi, alicheka mpaka akashika kapu. "Baba, hiyo mboga ya baridi, unaipeleka motoni?" Kumbe saladi joto likizidi huamua kulala, na inaweza kuendelea kulala hata ukiirudisha kwenye ubaridi baadaye. Sasa mbegu zake naziviringisha kwenye kitambaa kibichi na kuziweka ndani ya friji siku mbili, kisha nazihamishia sakafuni karibu na mtungi wa maji. Tena hupenda mwanga, kwa hiyo nikizipeleka kwenye udongo sizifukii, nazinyunyizia vumbi la udongo tu juu yake. Huko Mgeta hawahitaji mbwembwe hizi. Wana mlima.

5. Osha utelezi

Mbegu ya papai imevaa mfuko mdogo wa utelezi, na mfuko huo si pambo. Una kemikali zinazozuia mbegu isiote ikiwa bado tumboni mwa tunda. Nilipanda mbegu zilizotoka moja kwa moja kwenye papai, na wiki tano hazikunionyesha kitu. Papai jingine nilizisugua mbegu zake kwenye chekecheo pamoja na mchanga mpaka mifuko ikapasuka yote, nikasuuza, nikakausha kivulini. Siku ya 16 mkia wa kwanza ukatokeza.

Nyanya nayo ina ute wake. Hiyo naikamulia kwenye glasi na kuiacha siku mbili tatu ichachuke, inuke kidogo, itande ukungu juu, kisha naisuuza. Mbegu nzuri zinazama. Ila ukitoa mbegu kwenye nyanya chotara usitegemee mtoto afanane na mama.

Nikiwa kwenye papai niseme na hili, ingawa haliko kwenye kuotesha: mipapai ina majike, madume na yenye jinsia zote mbili, na kwa macho huwezi kuitofautisha mpaka ichanue. Ndiyo maana watu hupanda miche mitatu shimo moja na kukata madume baadaye. Jirani yangu anadai anaijua mbegu dume kwa rangi. Nimempa nafasi mara mbili anichagulie. Mara zote mbili nilivuna kivuli.

6. Lusina na chai ya moto

Nilitaka uzio wa lusina kwa ajili ya mbuzi. Nikaokota maganda kando ya barabara, nikaloweka mbegu wiki nzima nikibadilisha maji kila siku. Zilitoka zikiwa kama zilivyoingia, kavu na zenye kung'aa. Maji hayakuingia hata tone.

Kijana mmoja mwenye kitalu kwenye barabara ya kwenda Dodoma aliniambia, "Zipe chai ya moto, mzee." Nikaenda nyumbani nikazitia kwenye sufuria, nikaiacha jikoni ikitokota. Nilipomrudia na matokeo alinitazama kwa huruma. Kumbe unachemsha maji, unayaepua, ndipo unayamimina juu ya mbegu na kuyaacha yapoe yenyewe hadi asubuhi. Moto unaachwa nyuma. Zilizovimba unazipeleka kitambaani, zilizobaki ngumu unazirudia tena. Nimefanya hivyo na lusina na baadhi ya migunga, na zimekubali. Ganda lake ni gumu kwa sababu porini kazi hiyo hufanywa na moto wa nyika na matumbo ya wanyama.

Binti yangu akiwa darasa la nne alitaka mbuyu. Akaleta mbegu za ubuyu wa pipi, ule mwekundu, alizokuwa amezinyonya yeye na rafiki zake. Tuliziotesha kwa heshima zote na hazikuota, nadhani kwa kuwa zilishapita kwenye sharubati ya moto kabla ya kufika kinywani mwake. Tukanunua ubuyu mweupe sokoni, tukaosha unga, na kila mbegu tukaisugua kwenye msasa upande mmoja, mbali na jicho lake, mpaka rangi ya ndani ikaonekana. Tukaloweka kutwa kucha. Ndani ya wiki tatu ziliota nne kati ya kumi. Miwili ipo hadi leo ndani ya ndoo zilizotobolewa, na mwenye nyumba wetu hajui mbuyu unakua kiasi gani.

7. Milimita tatu

Hapa ndipo watu wengi wanaoweza kuotesha wanaposhindwa kupanda. Mimi pia nilishindwa kwa misimu miwili.

Kinachotoka kwanza kwenye mbegu ni mzizi, na siku ya kwanza unaonekana mgumu kama msumari. Siku ya tatu una vinywele vyeupe laini ambavyo ukivitazama haraka utadhani ni ukungu. Ndivyo vinavyonywa maji. Ukizing'oa mbegu kwenye tishu, ambayo mara nyingine naitumia badala ya khanga, vinabaki kwenye tishu, na mche unaanza maisha ya shamba ukiwa hauna mdomo. Ndiyo maana nahamisha mzizi ukifika milimita tatu, tano ikizidi sana, kabla haujaanza kutafuta njia. Nikichelewa na ukashika tishu, siubandui. Nakata kile kipande cha tishu na kukifukia pamoja na mbegu.

Kwa khanga huwezi kufanya hivyo. Niliacha bamia toka Alhamisi hadi Jumatatu, mizizi ikapenya nyuzi na kutokea upande wa pili. Nikachukua mkasi. Khanga yenyewe haikuwa chakavu kama nilivyodhani, na pacha yake bado ilikuwa inavaliwa. Hilo nalo lilikuwa funzo, ila la mlango mwingine.

Mbegu naishika kwa ganda lake, sishiki mzizi hata kwa bahati mbaya. Ikiwa ndogo naisukuma kwa ncha ya kijiti cha mshikaki kilicholoweshwa. Udongo nimeumwagilia jana yake, kwa kuwa ukimwaga maji baada ya kufukia unaivuruga. Naitia kijishimo chenye kina mara mbili ya unene wa mbegu, naifunika bila kukandamiza. Zamani nilihangaika mzizi uelekee chini barabara. Siku hizi nikishindwa nailaza ubavu, mzizi wenyewe unajua chini ni wapi na utapinda. Kazi hii naifanya saa kumi na moja jioni. Nilipoifanya saa tano asubuhi nilikuwa nakausha mizizi huku naizungumzia.

Karoti usijaribu. Mzizi wake ndio chakula, na ukiusumbua utavuna miguu ya kuku. Sia moja kwa moja.

Baada ya miche kutoka kuna kinyausi, ule ugonjwa unaolaza miche asubuhi moja kama imekatwa kwa uzi usawa wa udongo. Nilipoteza trei nzima ya nyanya na nilikuwa nikiimwagilia kila nilipoipita, kwa mapenzi. Sasa namwagilia asubuhi tu, naacha ngozi ya juu ya udongo ikauke, na sisongamanishi.

8. Mbegu ya rangi ya waridi si ya jikoni

Mahindi na mbegu nyingine za dukani huja zimepakwa dawa ya ukungu au wadudu, na hupakwa rangi kusudi ujue. Niliwahi kuziotesha kwenye sahani ya kulia, kitambaa kikageuka waridi, na mtoto akanifuata akauliza kama ni keki. Tangu siku hiyo zina sahani yake yenye alama ya msumari, haziingii jikoni, na maji yake hayamwagwi kwa kuku. Ukiziloweka unaosha dawa uliyoilipia, kwa hiyo napima kumi tu na zilizobaki nazipanda kavu.

9. Zisizojua kungoja

Nilikuwa nahifadhi kila mbegu kwenye chupa kabatini, na niliipenda sana ile safu ya chupa. Mwarobaini niliouweka mwaka mzima ulinipa sifuri kati ya ishirini. Mbegu zake zikikaa miezi michache tu uhai huanza kuzitoka. Unaziokota zimeiva, unamenya nyama, unapanda wiki hiyohiyo. Fenesi, parachichi na embe ni mbaya zaidi: ukizikausha umezimaliza. Embe nalo linataka ulifungue kaka lake kwa kisu, polepole, utoe kokwa la ndani ulitandaze kwenye maranda mabichi. Baadhi ya maembe kokwa moja hutoa miche mitatu minne, na mtu anayeona mara ya kwanza hudhani kuna aliyemchezea.

Parachichi langu la Hass liliota vizuri kwenye glasi na vijiti vya meno, kama watu wote wanavyofanya. Fundi wa kubebesha alilitazama akasema shina zuri, halafu akalikata kichwa na kuweka kikonyo alichokuja nacho. Mti utokao kwenye kokwa hauzai tunda la mama yake, na kungoja kwenyewe ni miaka.

10. Mbegu kavu ina subira

Hili ndilo lililonigharimu zaidi, kwa hiyo nimeliweka mwisho.

Baada ya kufaulu bamia, hoho na tikiti nilianza kuona kupanda mbegu kavu ni uvivu. Mwaka mmoja, mawingu ya vuli yakiwa yamekwisha kusimama juu ya Uluguru, nilivundika kilo nne za mahindi yasiyo na dawa, nikayapeleka Mkundi yakiwa na mikia mizuri, nikafukia robo ekari kwa mkono siku nzima. Mvua ilinyesha siku hiyo usiku, ikaridhika. Haikurudi kwa siku kumi na mbili. Jirani yangu wa shamba, mzee ambaye alikuwa amepanda kavu kabla ya mvua na kunicheka kimoyomoyo, alipata mahindi karibu yote, kwa sababu mbegu zake hazikupata maji ya kutosha kuamka na zikaendelea kulala mpaka mvua ya kweli. Zangu zilikuwa macho tayari. Nilifukua chache nikakuta mkia umekauka kama uzi, na punje haikuwa na akiba ya kuanza upya.

Tangu hapo mahindi, maharage na kunde za shamba la mvua nazipanda kavu. Ninaotesha kile ninachoweza kukimwagilia mwenyewe, au mbegu ghali, au ngumu, au ile nisiyoiamini.

Mjomba nilipomweleza alitikisa kichwa, kwamba kwake hakuna tatizo hilo, mtaro una maji muda wote. Msimu uliofuata alitaka kujaribu kilimo shadidi alichokiona Mkindo, miche ya siku nane hadi kumi na mbili, mmoja mmoja kila shimo, akaniita nikamsaidie. Tukachagua kwa yai na chumvi, debe moja la SARO 5, tukalizamisha, tukalivundika. Sehemu ya kitalu ilipaswa kulimwa Jumanne na trekta la mtu wa kijiji cha pili. Jumanne halikuja. Jumatano tulipiga simu, likawa njiani. Alhamisi mjomba alifunua kiroba, akautandaza mpunga kivulini upoe, akaunyunyizia maji. Ijumaa chipukizi zilikuwa ndefu kama kucha na mizizi imefungana, kila ukichukua punje moja zinakuja kumi. Trekta lilifika Jumamosi saa tisa, dereva akiomba maji ya kunywa.

Mjomba alilima hivyohivyo, akaenda ndani akatoa debe jingine, kavu, akatafuta yai. Ule wa kwanza tuliumwaga uani, na kuku wake waliula mpaka Jumatano.